Mashavu Yangu Bado Mekundu

Kila anayeiona picha yangu husema nilipendwa sana. Wiki iliyopita alikuja mnunuzi wa vitu vya kale kutoka London, mzee mmoja mwenye miwani ya kukunja na adabu nyingi, akanunua saa ya marehemu baba na vijiko vyetu vya fedha. Alipofika kwenye kidani chenye picha hiyo akakipeleka dirishani, akakitazama mpaka nikadhani amesinzia akiwa amesimama.

"Pole, Bi Pobjoy," akasema. "Rangi imekwisha. Mashavu yamekuwa meupe pe. Lakini tusidanganyane, hizi zilizofifia ndizo zenye mambo. Bwana aliyekuwa na picha hii hakuweza kuiacha sandukuni. Aliifungua kila siku ya Mungu."

"Hiyo siiuzi," nikamwambia.

"Basi niambie tu alikuwa nani."

"Chai yako inapoa, bwana."

Alikunywa chai yake, akaaga, akaenda zake. Hakunikosea chochote, masikini, lakini tangu siku hiyo nina hasira za mtu aliyekanyagwa kidonda. Sasa nasema yote, halafu ninyamaze.

Baba yangu alikuwa mwoka mikate hapa Bath. Duka lilikuwa chini, tanuri nyuma yake, sisi tulikaa juu, na chumba cha juu kabisa chenye dirisha la kaskazini alipangisha Lettice Amory, mchora picha ndogo. Siku zile wachoraji mjini kwetu walikuwa wengi kuliko madaktari, na madaktari walikuwa wengi kuliko wagonjwa. Watu walikuja kunywa maji ya moto yanayonuka yai bovu, wakachoka kunywa, wakaenda kuchorwa.

Lettice alinipita miaka miwili. Alikuwa binti wa kasisi aliyekufa bila kumwachia hata kiti, na alikuwa na nywele nyeusi tii ambazo akizifungua aliweza kuzikalia. Mimi zangu zilikuwa rangi ya majani makavu ya ngano, na hazikuzidi mabega. Dada sikuwa naye. Mama alikufa mapema. Lettice akawa yote mawili, na akawa shoga yangu juu yake. Kila alasiri, mkate ukishatoka, nilimpandishia chai na kipande cha keki, nikakaa kwenye kigoda kumtazama akifanya kazi.

Alichora juu ya kipande cha pembe ya ndovu, chembamba kama ganda la kitunguu, hata mwanga ulipenya. Brashi yake ilikuwa na nywele za kindi chache tu mbele, na hakupaka, alidonoa, nukta juu ya nukta, mpaka uso unatokea wenyewe kama mtu anayekuja kwenye ukungu. Rangi ya mwisho kuwekwa ilikuwa ile ya midomo na mashavu.

"Nyekundu hii ni vijidudu, Tamsin," aliniambia siku moja. "Wanakaushwa, wanasagwa, wanaletwa kwa meli kutoka Meksiko. Bila hii unachora maiti. Shida yake inaogopa jua."

"Kwa hiyo mtu akitundika picha ya mchumba wake dirishani?"

"Anamnyonya damu kidogo kidogo. Ndiyo maana ukikuta picha ya zamani ina mashavu kama tufaha, mwonee huruma aliyechorwa. Hakuna aliyemfungua amtazame."

"Makubwa! Kumbe wapendwa wote wamepauka?"

"Wote, shoga. Kama unga wa baba yako."

Tulicheka sana. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na maneno ya namna hiyo niliyaona ni ya kuchekesha.

Mwaka huohuo akaja Jasper Kittoe. Alikuwa luteni wa jeshi la majini, mtu wa Cornwall, amemleta mama yake kutibiwa miguu kwa maji yetu. Alikuja dukani kununua mikate ya sukari, akarudi kesho yake, akarudi tena, mpaka baba akasema ama kijana huyu ana tumbo la ng'ombe ama ana jambo. Alikuwa na jambo. Alikuwa na sauti ya chini, ya kumfanya mtu asogee karibu ili asikie, nami nilisogea. Kabla ya majira ya baridi kwisha alikuwa ameniposa, baba amekubali, na mama yake amekagua nyumba yetu kutoka tanuri hadi darini akaridhika.

Kisha zikaja habari kwamba meli yake inapelekwa bahari za India. Kwetu mchumba akienda mbali hivyo, mnabadilishana nyuso. Yeye anaondoka na picha yako shingoni, na nyuma ya picha, chini ya kioo cha pili, kunawekwa nywele zako zilizosukwa. Wewe unabaki na ya kwake. Lettice akasema atatuchora sote wawili, iwe zawadi yake ya harusi. Nilimkumbatia mpaka kofia yake ikaanguka.

Picha yangu iliisha haraka, maana sikuwa na muda wa kukaa. Ya Jasper ndiyo iliyochukua muda. Mwanzoni nilikaa nao chumbani na kazi yangu ya kufuma, kwa sababu msichana hakai peke yake na mwanamume mlango ukiwa umefungwa. Lakini unga ukishaumuka hauna subira, na baba alikuwa ananiita kutoka chini, basi nikaanza kuwaacha. Mlango nauacha wazi. Nikipanda tena naukuta umerudishwa, na Lettice anasema ni upepo.

"Mbona huyu haishi?" nilimuuliza.

"Pua yake ngumu."

Baba aliposikia akaangua kicheko. "Pua gani hiyo ya mwezi mzima? Hata kanisa lina mnara mmoja na walimaliza!"

Nasi tukacheka, na Jasper akacheka, akiishika pua yake. Nakumbuka Lettice alicheka kuliko wote.

Nywele alinikata yeye mwenyewe, hapa kisogoni zisipoonekana. Alisema atazichemsha kwenye magadi zitoke mafuta, ndipo zikubali gundi. Meli ikawahishwa. Jasper akaambiwa apande gari la farasi la kwenda Portsmouth asubuhi ya Ijumaa Kuu, na kwa mwoka mikate hakuna siku mbaya kuliko hiyo. Mji mzima unataka mikate midogo yenye alama ya msalaba, na unaitaka ya moto. Foleni ilifika kwenye kona. Jasper alipenya kati ya watu, akanibusu shavuni mbele ya wote, akatoka na unga mdomoni. Kidani kilikuwa bado juu, gundi inakauka. Nilikuwa nimeuona uso wangu ulipokwisha, upande wa nyuma sikuuona.

"Nenda kazini kwako," Lettice akaniambia, akishuka ngazi mbio, kidani kimefungwa kwenye kitambaa. "Nitamkimbilia mimi, nimpe mkononi."

Alirudi macho yamevimba. "Nimekulilia wewe, shoga," akasema. Nikampa mkate wa moto na siagi, nikamfuta machozi kwa aproni yangu.

Miaka saba nikangoja. Vita na Wafaransa viliendelea, barua zilikuja mara mbili kwa mwaka, fupi, zenye adabu, zikieleza hali ya hewa. Nilijiambia wanaume wa baharini hawajui kuandika. Picha yake niliiweka kwenye kibao cha dirisha la kusini, pale ninapopambia keki, imefunguliwa, nikainua macho kila baada ya ua moja la sukari. Midomo ndiyo iliyoanza kuondoka, kisha mashavu, kisha akabaki macho mawili ya bluu kwenye uso wa unga.

"Huyu luteni wako kashamwaga damu yote," baba alinitania, "na Mfaransa hajamgusa."

Lettice alikuwa akisema, "Nipe nimrudishie rangi." Nampa. Anakaa naye juu majuma kwa majuma. Nikiuliza, anasema bado hajakauka. Anamrudisha midomo ikiwa mibichi, nami namwoka keki ya kumshukuru. Fikiria hilo. Nilimshukuru kwa keki, tena ya zabibu.

Amani ilipotangazwa Jasper akarudi, mweusi kwa jua, amekonda, amekuwa kapteni. Nilikuwa karibu na miaka thelathini na wateja walikuwa wameanza kuniita "maskini Tamsin" nikiwageuzia kisogo tu. Alikuja moja kwa moja kwa baba akasema neno lake bado ni neno. Jumapili iliyofuata majina yetu yakasomwa kanisani. Kwetu husomwa Jumapili tatu, na kila mara kasisi huuliza kama kuna mwenye sababu ya kuzuia, aseme. Jumapili ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Gauni langu lilikuwa limeshakatwa, na keki ya harusi nimeshailoweka brandi kwa mikono yangu.

Sanduku lake lilichelewa, likafika na mkokoteni wa mizigo katikati ya juma lile la mwisho. Siku hiyo tulikuwa na chakula cha mchana cha familia: mimi, baba, Jasper, mama yake, na Lettice, maana hakuna chakula kilicholiwa kwetu bila Lettice. Paja la kondoo lilipokwisha, Bibi Kittoe akapiga meza kwa kijiko.

"Picha iko wapi? Mwanangu, si ulisema ilikuwa mbele ya kitanda chako miaka yote? Ilete tuione!"

"Imo sandukuni, mama. Iko chini kabisa."

"Sanduku lina miguu? Kalifungue!"

Akaenda. Alikaa kidogo. Aliporudi akaniwekea kidani mkononi, uso juu, na mimi nikajiona. Jamani, nilikuwa mzuri. Nilikuwa nimesahau. Mashavu yalikuwa yanawaka kama ndiyo kwanza nimetoka kwenye tanuri, midomo kama ya mtu aliyetoka kula forosadi.

"Tazameni!" Bibi Kittoe akapiga makofi. "Kama kachorwa leo asubuhi! Huko ndiko kupendwa!"

"Na huyu wa kwetu kakauka kama samaki wa chumvi," baba akasema, akionyesha kule dirishani. "Tamsin, ona aibu. Mwenzako anajua kutunza."

"Ilikuwa ukutani kwenye chumba changu, pale nyuma ya meli," Jasper akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Nikiamka naiona, nikilala naiona."

Furaha yangu, nasema kweli, ilitosha kujaza nyumba. Niligeuka nimtazame Lettice, tufurahi pamoja, kwa sababu kazi ilikuwa yake. Lettice alikuwa anatazama chumvi. Hakuwa anaiangalia picha hata kidogo, alikuwa anaitazama chumvi kama mtu anayeogopa itamwagika.

"Nyuma ya meli kuna madirisha?" nikauliza.

"Ukuta mzima madirisha."

"Jua linaingia?"

"Jua! Tamsin, bahari zile jua linaingia mpaka kwenye supu."

Wakacheka. Nikatazama tena yale mashavu, na safari hii sikuyapenda. Miaka saba ya jua la India, na hayakupungua hata nukta moja. Nikakigeuza kidani.

Chini ya kioo cha nyuma kulikuwa na msuko wa nywele uliolazwa kama upinde. Ulikuwa na rangi ya mbweha, umeliwa na jua. Lakini pembeni, pale ukingo wa dhahabu ulipoufunika, nywele zilikuwa nyeusi tii. Nywele zangu hazijawahi kuwa nyeusi hata zikiwa zimelowa.

Nikainua macho. Lettice aliinua mkono akachomeka nywele ndani ya kofia yake, na hakukuwa na unywele uliotoka.

Nikafunika kidani kwa kiganja kabla Bibi Kittoe hajakiomba, nikamrudishia Jasper. Nikajikaza kisabuni, nikasimama, nikakata pai ya tufaha, nikamgawia kila mtu kipande chake. Cha Jasper nilikitia malai zaidi. Sijui kwa nini mtu hufanya mambo kama hayo.

Kesho yake, mkate ulipotoka, nilipanda juu. Mara ya kwanza miaka yote ile nilipanda bila chai. Lettice alikuwa mezani kwake na brashi mkononi, hajachora chochote.

"Nywele zako ziliungua," akasema, kabla sijakaa. "Niliacha sufuria motoni, Tamsin. Zilivunjika kama nyasi. Gari linaondoka, ningefanyaje? Nikakata zangu. Nikaona haya kukuambia, kisha siku zikapita, ikawa vigumu zaidi."

Nilitaka kuamini. Nataka mjue jinsi nilivyotaka. Ajali kama hiyo ingeweza kutokea, magadi yakizidi nywele huharibika, mwenyewe nilishamwona akizitupa za wateja. Nilikuwa tayari kumkumbatia, kushuka, na kuolewa.

"Na mashavu?" nikauliza.

"Mashavu yana nini?"

"Hayana kitu. Hiyo ndiyo shida yake."

Akabaki ananitazama, kisha akaelewa, nikamwona anaelewa. Aliweka brashi chini taratibu.

"Mimi sikumwambia aigeuze," akasema.

"Ila ulimwambia nywele ni za nani."

"Pale kwenye gari. Ndiyo. Nilimwambia."

"Tangu lini, Lettice?"

"Tangu pua."

Nilicheka. Kicheko kilinitoka chenyewe, kibaya, na yeye akajaribu kucheka na mimi kama zamani, kisha akaacha.

"Kwa nini hakukuoa wewe?"

"Anioe na nini? Mimi nina sanduku la rangi na chumba cha baba yako. Mama yake alitaka nyumba yenye duka. Tulisema atakwenda vitani, atapata cheo, atarudi huru."

"Amepata cheo."

"Amerudi anasema neno ni neno." Machozi yakaanza. "Hata mimi amenitupa, Tamsin. Amesema kapteni havunji ahadi mbele ya watu. Atakuwa mume mwema kwako. Mimi nitahamia Bristol, hutaniona. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Utajua, ndiyo! Wanawake wangapi wanajua?"

Hapo ndipo nilipokasirika. Mpaka hapo nilikuwa naumia tu. "Nimekupandishia chai kwenye ngazi hizo miaka saba," nikamwambia. "Nilikupa picha yake kwa mkono wangu ukakae nayo. Nilikuwa nakwambia ninavyomwota, na wewe unadonoa rangi, 'ehe, ehe, endelea.' Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Lettice, na mimi nasema asante, yanateleza vizuri."

"Kila mwaka nilisema nitakuambia. Kisha unakuja na keki."

"Usizisingizie keki zangu."

Alilia kwa sauti. Nilikaa kwenye kigoda changu, na nilipokaa pale nikamwona kama nilivyozoea kumwona, mwanga wa kaskazini begani, na nikajua kwamba Jasper naweza kumpoteza, lakini huyu sijui nitafanyaje.

"Nisikilize," nikasema. "Jumapili wanatusoma mara ya tatu. Wewe ndiye mwenye sababu. Simama useme. Useme ni wako, ulikuwa wako tangu mwanzo, useme mbele ya watu walewale waliokaa wanasubiri kuniona bi harusi. Ukisimama, nakusamehe. Mkitaka, keki yangu muile ninyi. Nakuapia kwa kaburi la mama."

"Watanifukuza mjini. Nani atamleta binti yake kuchorwa na mimi?"

"Na mimi nani ataniambia ukweli, kama si wewe?"

Alishika mkono wangu, akaubana, na mimi nikauchukulia ule mkono wake kuwa ndiyo.

Jumapili kanisa lilijaa. Jasper alikaa na mama yake upande wa pili, amesafisha vifungo vyake. Baba alikuwa amevaa koti jipya na alikuwa anamkonyeza kila mtu. Lettice alikaa benchi mbili nyuma yetu. Kasisi wetu, mzee anayesoma kila kitu kwa sauti moja, hata taarifa za vifo na za mbuzi waliopotea, akasoma majina. Jasper Kittoe, wa Cornwall, kapera. Thomasin Pobjoy, ndilo jina langu la ubatizo, wa kanisa hili, hajaolewa.

"Kama yupo ajuaye sababu au kizuizi," akasema, "na aseme. Hii ni mara ya tatu na ya mwisho."

Nilisikia mtu anakohoa. Nikasikia benchi linalia nyuma yangu, nikageuka. Alikuwa bibi mmoja anaokota glavu yake. Lettice alikuwa ameinamisha kichwa, kofia imemfunika mpaka kidevuni. Nilimtazama. Nilimtazama muda wa kutosha kumwachia asimame, akae, na asimame tena kama angetaka. Kasisi akalowesha kidole, akafungua ukurasa.

Nikasimama mimi.

"Nakataza," nikasema.

Kasisi akanitazama juu ya miwani. "Keti, binti. Jina lililosomwa ni lako."

"Jina langu nalijua. Nakataza."

"Tamsin!" Baba akanivuta sketi. "Una wazimu? Kaa chini!"

"Kanisa linahitaji sababu," kasisi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na rangi. "Una sababu gani?"

Nilikuwa nayo. Ningeweza kumwaga mtama wote pale, jina lake, nywele, mlango uliorudishwa na upepo. Nilifungua mdomo kumtaja na ikanishinda. Shoga yangu alikuwa ameniuza mara mbili, tena mara ya pili nikiwa natazama, na bado ulimi wangu ulikataa kumtoa mbele za watu.

"Mashavu yangu bado mekundu," nikasema.

Kanisa zima likanitazama mashavu, ambayo bila shaka yalikuwa mekundu. Mtu akacheka. Bibi Kittoe akasema kwa sauti kwamba ni joto la tanuri, limempanda kichwani, alijua tu. Walioelewa walikuwa wawili. Mmoja akawa anatazama vifungo vyake. Mwingine aliinua kichwa hatimaye, na machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa ameketi.

Nilitembea hadi nyumbani peke yangu, nikakaa jikoni na kofia yangu ya kanisani, mikono juu ya meza. Keki ya harusi ilikuwa pale inanuka brandi. Sikulia siku hiyo. Nilihisi mjinga, zaidi ya yote mjinga, kama mtu aliyecheza ngoma miaka saba na wapigaji wote walishaenda zao.

Jasper alikuja dukani Jumatatu. "Ni picha tu, Tamsin," akasema.

"Basi ingekugharimu nini kuigeuza?"

Akaiweka kwenye kaunta kati ya mikate, akatoka. Baadaye alioa mjane wa Plymouth. Lettice hakumpata. Alihama juma lilelile, alfajiri, wakati alipojua niko kwenye tanuri, akaenda Bristol kweli, akachora nyuso za watu mpaka macho yakamfia. Ninaambiwa alikufa majira ya baridi yaliyopita. Hakuwahi kuniandikia, wala mimi. Kittoe nilimlilia mpaka Krismasi, yakaisha. Lettice ni jambo jingine. Hadi leo, karibu na saa ya chai, mikono yangu inatoa vikombe viwili, nami narudisha kimoja kabatini na ninamchukia upya.

Picha ya luteni niliitoa dirishani nikaitia jikoni motoni. Pembe ya ndovu inanuka vibaya ikiungua. Mahali pake, kwenye kibao cha dirisha la kusini, niliiweka ya kwangu, uso juu, imefunguliwa, nywele zile zimelala chini gizani. Sikuzitoa. Zimo bado, na mnunuzi wa London hakufikiria kuigeuza.

Ilichukua majira mengi ya joto. Niliendelea kupamba keki za harusi za watu, na kila baada ya ua moja la sukari niliinua macho nikamtazama yule msichana. Midomo ikaondoka. Mashavu yakaondoka taratibu, nukta baada ya nukta, jinsi yalivyokuja. Kwa hiyo mzee yule wa miwani hakukosea kwamba kuna mtu aliyemfungua na kumtazama kila siku. Alikosea kudhani ni bwana. Alikuwa mimi.